Kupona Jeraha la Kazini Huku Ukimtunza Mnyama Uliyemwokota: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mfanyakazi aliyeumia kazini, aliye nyumbani akiuguza mfupa, mgongo au kidonda, na ambaye katika siku hizo ameokota, au anafikiria kuokota, mbwa au paka asiye na mwenyewe. Mambo hayo mawili hukutana mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi giza likiwa limeingia huanza kuona yanayopita mlangoni kwake mchana, na miongoni mwayo ni kijibwa chenye ukurutu au paka anayeburuta mguu. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara. Pale Kenya inapotofautiana, imeelezwa.

Nimeruhusiwa kutoka hospitali nikiwa na hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) mguuni. Je, ninaweza kumchukua mnyama sasa hivi?

Inategemea mnyama mwenyewe kuliko moyo wako. Paka mkubwa anayekula mwenyewe na kujua kujisaidia kwenye mchanga anaweza kutunzwa na mtu anayetembelea magongo, mradi nyumbani kuwe na mtu mzima mwingine wa kusaidia kubeba maji na kuzoa uchafu. Mbwa mkubwa mwenye nguvu ni suala jingine, kwa sababu anahitaji kutolewa nje, na mara ya kwanza atakapomwona mbuzi wa jirani atakuvuta wewe, magongo yako na hogo lako.

Mgumu kuliko wote, ingawa ndiye anayeonekana mwepesi, ni mtoto wa paka au wa mbwa ambaye bado hajafungua macho au ndiyo kwanza ameyafungua. Huyo hunyweshwa maziwa maalumu kila baada ya saa mbili hadi nne, usiku na mchana, akiwa amelala kifudifudi na si chali kama mtoto wa binadamu, kwa kuwa akilazwa chali maziwa huingia mapafuni. Kila baada ya kunyonya hana budi kupanguswa sehemu za siri kwa kitambaa cha uvuguvugu kilicholowa, la sivyo hatakojoa. Mgonjwa aliyeambiwa ainue mguu juu ya mto na asisimame mara kwa mara hawezi kazi hiyo peke yake, na akijaribu, mmoja kati ya hao wawili ataumia. Katika hali hiyo ni afadhali umtafutie mtu mwingine siku ileile.

Mnyama niliyemwokota amening'ata au amenikwaruza. Nifanye nini?

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani akiwa amesimama bombani kwa maumivu, hivyo tazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya kienyeji, na usilifunge jeraha kwa kulibana. Baada ya hapo nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mnyama anaonekana mzima.

Msisitizo huu una sababu. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kwenye kifo, na hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani hukipata kutoka kwa mbwa. Hata hivyo, kinazuilika karibu kabisa endapo jeraha litaoshwa na chanjo itaanza mapema. Chanjo za siku hizi hudungwa begani. Zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee husimulia zilikwisha zamani, na inasikitisha kwamba bado kuna watu wanaokwepa hospitali kwa kuziogopa. Ratiba huanza siku ya dozi ya kwanza, inayohesabiwa kama siku ya sifuri, ikafuatiwa na siku ya tatu na ya saba, na kwa baadhi ya njia za uchanjaji huwa na dozi nyingine baadaye. Jeraha lililotoboa ngozi na kutoa damu huhitaji pia kingamwili maalumu zinazodungwa kwenye jeraha lenyewe, hasa likiwa usoni, kichwani au mikononi.

Ukiwa na jeraha la kazini, mweleze mhudumu mambo matatu ambayo huenda hatayauliza: dawa unazotumia hivi sasa, kama una vyuma vilivyowekwa ndani ya mfupa, na lini ulichomwa sindano ya pepopunda kwa mara ya mwisho. Wengi huwa walichomwa siku ileile ya ajali kazini, lakini hawakumbuki, kwa hiyo chukua karatasi zako za hospitali uende nazo. Kama mkono mmoja umefungwa hogo, chanjo itadungwa mkono wa pili.

Jino la paka linastahili onyo la peke yake. Ni jembamba kama sindano, hutoboa tundu dogo linaloziba upesi na kuacha vijidudu ndani kabisa, hasa kwenye vidole na kifundo cha mkono ambako kano ziko karibu na ngozi. Mkono ukianza kuvimba, kuwa mwekundu na kuuma ndani ya saa 24, hiyo ni dharura.

Je, nikimpeleka kuchanjwa leo, hatari ya kichaa imekwisha?

Hapana. Chanjo huchukua wiki kadhaa kujenga kinga, na mnyama aliyeambukizwa kabla ya kuokotwa anaweza kuugua baadaye ingawa amechanjwa. Kwa hiyo mchanje, naam, kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha uendelee kumwangalia.

Mbwa au paka aliyemng'ata mtu hutazamwa kwa siku 10 akiwa amefungiwa mahali salama. Akiwa hai na mzima siku hizo zikiisha, hakuwa akitoa virusi kwenye mate siku alipong'ata, na daktari anaweza kuamua kusitisha dozi zilizobaki. Kutazama huku hakuchukui nafasi ya kuanza chanjo. Mambo mawili huenda pamoja.

Watu wengi humtarajia mbwa mwenye kichaa awe mkali na mwenye kukimbia ovyo. Wako pia wanaopooza kimyakimya: taya hulegea, mate hudondoka, sauti hubadilika, na mbwa huonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni. Mtu mwenye huruma huingiza mkono kinywani ili autoe mfupa huo. Usifanye hivyo kamwe kwa mnyama usiyejua historia yake.

Ugonjwa huu unaweza kufutwa, na mfano uko karibu. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilikiondoa kichaa mwaka 2014. Kiliingia tena mwaka 2016, na chanjo zikakiondoa tena. Kiwango kinacholengwa ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, na mbwa wako mmoja aliyetoka jalalani anaingia katika hesabu hiyo.

Nina mshono uliobaki wazi, au vyuma vya nje vilivyopenya ngozi. Mnyama anaruhusiwa kunikaribia?

Anaruhusiwa kuwa nyumbani, haruhusiwi kitandani. Mate ya mbwa na paka yana bakteria wasiowadhuru wao lakini wanaoweza kuleta maambukizi makali wakiingia kwenye kidonda, na ile imani kwamba ulimi wa mbwa huponya vidonda imewagharimu watu. Matundu ambamo vyuma vya nje vinapita ni milango iliyo wazi kuelekea kwenye mfupa. Unyoya uliokwama hapo unaweza kuanzisha usaha. Funika sehemu hiyo kwa bandeji safi na kitambaa kilichofuliwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukisafisha kidonda, na usikisafishe ndani ya chumba alimolala mnyama. Aliyeondolewa bandama baada ya ajali, au anayetumia dawa zinazopunguza kinga, asimchukue mnyama kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mnyama ana maumivu, nami nina dawa za kutuliza maumivu ndani. Nimpe kidogo?

Usimpe hata kidogo. Pengine hili ndilo jibu muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa sababu nyumba ya mtu aliyeumia kazini huwa imejaa dawa hizo, na huruma iko karibu.

Parasetamoli ni sumu kwa paka. Mwili wake hauna uwezo wa kuivunja, chembe nyekundu za damu huharibika, ufizi hubadilika kuwa wa kahawia au buluu, uso na miguu huvimba, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa na paka pia. Hata ile jeli ya diklofenaki unayopakwa mgongoni ni hatari, kwa kuwa paka atakayekuja kukulalia ataondoka nayo kwenye manyoya, kisha atajilamba. Ipake, ivikwe nguo, na mikono ioshwe kabla ya kumshika.

Tahadhari hiyo inavihusu pia vitu vingine vya nyumbani. Dettol, ambayo wengi humwogeshea mnyama mwenye ukurutu, humdhuru paka kupitia ngozi na ulimi. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humuua paka kwa kumtia degedege. Mnyama mchafu aliyeokotwa hupanguswa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha hukaushwa vizuri. Matibabu ya viroboto, kupe na minyoo hupimwa kulingana na uzito wake na daktari wa mifugo au afisa mifugo. Ikiwa amekwisha kumeza dawa yako, nenda naye kwa daktari ukiwa umebeba pakiti, na usimnyweshe maziwa wala chumvi ili atapike.

Ninatembelea magongo. Nipange vipi nyumba nisianguke?

Anguko la pili hurudisha nyuma uponaji kuliko jambo jingine lolote, na kwa mtu mwenye magongo hatari haitoki kwa mnyama peke yake bali pia kwa bakuli lake. Maji huruka mnyama anapokunywa, sakafu ya simenti iliyopigwa rangi nyekundu huteleza, na kitako cha mpira cha gongo kikikanyaga hapo huondoka kama kilichopakwa sabuni. Weka bakuli kwenye kona ambayo huipiti kwenda chooni, juu ya kipande cha gunia kinachonyonya maji. Kagua vitako hivyo vya mpira kila asubuhi, kwa sababu kijibwa kinachoota meno huvitafuna usiku, nawe utagundua siku utakapohitaji kusimama haraka. Vipya vinauzwa kwenye maduka ya vifaa tiba.

Mvishe paka au kijibwa mkanda wa shingoni wenye kengele ndogo, ili usikie aliko kabla hajajipitisha katikati ya miguu yako. Usiku mfungie chumba tofauti au bandani: wengi hujikwaa saa nane za usiku, taa zikiwa zimezimwa na mguu mmoja ukiwa hewani.

Hogo lenyewe lisiloweshwe na mkojo wa mnyama wala kukwaruzwa kwa kucha zake, na usiingize kijiti ndani kujikuna ukidhani viroboto wameingia. Vidole vikivimba sana, vikiwa baridi, vya buluu au vyenye ganzi, au maumivu yakizidi ingawa umemeza dawa, rudi hospitali saa hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.

Niliumia mgongo, na daktari amenikataza kuinua vitu vizito. Mnyama ni mzito kiasi gani?

Paka mkubwa huwa na kilo tatu hadi tano. Mbwa wa mtaani mara nyingi huwa na kilo 12 hadi 20, na mfuko wa chakula chake unaweza kufikia uzito huohuo. Muulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kiwango chako kwa kilo, usiridhike na neno "kizito". Lakini uzito si kila kitu: mgongo hulalamika zaidi mtu anapoinama na kujipinda kwa wakati mmoja, na mnyama humfanya mtu ainame mara nyingi kwa siku. Weka bakuli la paka juu ya kigoda au meza fupi. Paka ataruka mwenyewe. Mbwa asibebwe, afundishwe kupanda ngazi au kuingia kwenye bajaji kwa kipande cha chakula. Ukimsugua manyoya kwa brashi, keti.

Kutembea kidogo kidogo na mbwa mtulivu ni jambo zuri kwa maumivu mengi ya kiuno, kwani ushauri wa sasa wa kitabibu haupendelei mgonjwa alale siku nzima. Mbwa anayevuta kamba, hata hivyo, ashikwe na mtu mwingine.

Nina mkono mmoja tu unaofanya kazi. Nimkamate vipi paka mwenye woga?

Usimkamate, mwache aingie. Chukua kasha la plastiki lenye mfuniko au kikapu kizito, kilaze ubavu, weka ndani vichwa vya samaki vyenye harufu, na tandika kanga uliyoivaa ili azoee harufu yako. Mlishe humo kwa siku kadhaa bila kumgusa. Siku ya kumpeleka kwa daktari, akiwa ndani anakula, msaidizi asimamishe kasha na kulifunika kwa kitenge kinene kabla ya mfuniko. Kazi hii inahitaji mikono minne, na yako ni mmoja. Paka aliyejeruhiwa hushikwa kwa kufunikwa taulo mwili mzima, kichwa kikiwa ndani, wala hashikwi ngozi ya shingo na mtu asiyemzoea.

Kipato kimepungua. Nitamlisha nini?

Mbwa wengi wa kwetu hula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, utumbo au vichwa vya samaki, na wanakua vizuri wakipata protini ya kutosha. Dagaa wa chumvi waloweke na kumwaga maji kwanza. Usiweke kitunguu wala kitunguu saumu, na usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa kwa sababu hupasuka vipande vikali. Paka hawezi kuishi kwa ugali au wali mtupu. Mwili wake unahitaji nyama au samaki kila siku, na akikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi.

Mnyama aliyekonda hadi mbavu zikahesabika asishibishwe siku ya kwanza. Mpe kiasi kidogo mara nne au tano kwa siku, ukiongeza polepole, kwa kuwa mwili uliofunga kwa muda mrefu ukipokea chakula kingi ghafla unaweza kuzimika. Maji safi yawepo wakati wote.

Fidia ya kuumia kazini inafanyaje kazi wakati ninauguza?

Tanzania Bara, jambo hili liko chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na linasimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato ya WCF kwenye karatasi yako ya mshahara, uliza, kwa sababu hayapaswi kuwepo.

Ukiumia, mjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kwa maandishi au kwa ujumbe unaobaki kwenye simu. Mwajiri naye anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku saba za kazi tangu apate taarifa. Usiache jambo lipoe: taarifa ya ajali inapaswa kufika Mfuko ndani ya miezi 12. Mfuko hulipia matibabu, na mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ikibainika kuwa umepata ulemavu wa kudumu, kiwango chake kikiwa asilimia 30 au pungufu utalipwa kwa mkupuo, na kikizidi hapo utalipwa pensheni ya kila mwezi. Mafao mengine ni utengamao, yaani mazoezi, viungo bandia na mafunzo ya kumrudisha mtu kazini, pamoja na malipo ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza.

Hakuna fungu la kumlisha mnyama. Panga matumizi yake kutoka kwenye asilimia hiyo 70, na tambua kwamba malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa wakati nyaraka zinafuatiliwa.

Nchini Kenya mfumo ni tofauti. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA, humtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima, na taarifa hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Malipo ya ulemavu wa muda huendelea hadi miezi 12. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Zanzibar nayo ina sheria zake, na WCF haihusiki huko.

Nikionekana nikitembea na mbwa, nitanyimwa fidia?

Kumlisha paka au kuzunguka nyumba na mbwa si kazi ya kipato na si kosa. Tatizo huanza pale unachofanya kinapopingana na kilichoandikwa kwenye cheti. Aliyeandikiwa kwamba hawezi kuinua mkono juu ya bega, kisha akaonekana akimnyanyua mbwa wa kilo 20 na kumpakia kwenye pikipiki, amejitafutia maswali ya haki. Mweleze daktari wazi unachofanya nyumbani, naye akiandike kwenye faili. Usikose kliniki kwa sababu ya mnyama. Tarehe iliyokosekana huonekana kwenye kumbukumbu, na maelezo yake hayaonekani.

Mnyama niliyemwokota akining'ata nyumbani, hilo nalo ni jeraha la kazini?

Hapana. Fidia huhusu ajali iliyotokana na kazi na kutokea ukiwa kazini. Kung'atwa nyumbani kunaangukia kwenye likizo ya ugonjwa, ambayo kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Msomaji mita, mlinzi, tarishi au mhudumu wa mifugo aliyeng'atwa akiwa kazini ni habari nyingine, na huyo aripoti kama ajali nyingine yoyote.

Niliumia kazini kwa sababu nilishuka shimoni kumtoa mbwa. Nitasemaje kwenye taarifa?

Sema ukweli, kwa utaratibu uliotokea. Wenzako waliona, na maelezo mawili yanayogongana hudhuru zaidi kuliko ukweli wenyewe. Kama shimo lilikuwa la mradi, bila uzio, na wewe ulikuwa zamu, uamuzi wa kama ajali ilitokana na kazi utafanywa na wanaohusika. Kazi yako ni kuripoti kwa wakati. Kwa walio bado wazima: msishuke. Udongo wa mtaro usiowekewa vizuizi huporomoka bila onyo, na mnyama aliyebanwa hung'ata anayemwokoa. Mwiteni msimamizi, teremsheni ubao wenye mteremko au kikapu chenye kamba na chakula, na mara nyingi mbwa atapanda mwenyewe mkiondoka.

Nyumbani kwetu ni Waislamu, na wazee hawataki mbwa ndani. Tufanyeje?

Waheshimiwe. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hilo halizuii kumtendea wema, kwani hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana na kila aliyepita madrasa. Mtengee banda nje, vyombo vyake viwe vyake peke yake, na mtu mwenye kidonda au anayejiandaa kuswali asiwe ndiye anayemhudumia. Paka hana tatizo hilo.

Mke wangu ni mjamzito, na tuna watoto wadogo. Kuna hatari?

Mjamzito asizoe kinyesi cha paka, kwa sababu ya toksoplasma, ugonjwa unaopatikana kwenye kinyesi hicho na unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Akilazimika, avae glavu na azoe kila siku. Watoto wanawe mikono, na mnyama apewe dawa ya minyoo kabla hawajaanza kucheza naye. Mabaka ya mviringo yanayomwondoa manyoya yanaweza kuwa choa, ambayo huwapata watu pia.

Kukaa naye kunanisaidia kiakili. Je, hilo ni kweli au ninajidanganya?

Ni kweli kwa watu wengi. Kuna saa ya kuamka, kuna anayesubiri, na siku inapata umbo. Lakini mnyama si tiba: usingizi ukikukimbia wiki nzima, ukiiona ajali tena na tena, au ukifikia kutotaka kuishi, mwambie daktari huyohuyo wa mfupa akuelekeze kwa wa afya ya akili.

Nitampeleka wapi kutibiwa?

Anza na afisa mifugo wa kata, ambaye pia anajua ratiba ya chanjo ya kichaa katika halmashauri yako. Mara nyingi kampeni hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na Nairobi kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete pamoja na KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama. Omba kadi ya chanjo na uitunze na karatasi zako za hospitali. Halmashauri nyingine huendesha operesheni za kuwaua mbwa wazururao, na mbwa aliyefungiwa, mwenye mkanda shingoni na kadi nyumbani, ana mtetezi. Ukiweza, mhasi mapema.

Nakaribia kurudi kazini. Nimwandae vipi?

Wiki mbili kabla ya tarehe uliyopewa, anza kuondoka nyumbani kwa saa moja, kisha tatu, kisha tano, ili asije akapiga kelele mtaa mzima siku ya kwanza. Badilisha saa za kumlisha zifuate zamu yako. Daktari akikurudisha kwa kazi nyepesi au nusu siku, tumia nafasi hiyo. Kama umeona kwamba hutaweza kuendelea naye, usimrudishe ulikomtoa. Mtafutie mtu anayemfahamu tayari, mpe kadi ya chanjo, bakuli lake na kitambaa alicholalia, na mwambie ukweli kuhusu tabia zake, hasa kama amewahi kung'ata.